Garimoshi Halimngoji Mtu: Shauri kwa Wasafiri wa Malindi na Kilifi

Reli haikupata kufika Malindi. Ilipoanza kujengwa huko Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara, ikapita Mazeras na Mariakani, hata ikafika Kisumu mwaka 1901. Sisi wa kaskazini tukabaki na jahazi na barabara. Ndiyo maana hata leo utamkuta mzee wa Magarini aliyekwenda Nairobi kwa basi mara nyingi, lakini hajapata kuketi ndani ya behewa.

Tangu tarehe 1 Juni, 2017, reli mpya huchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Garimoshi la haraka hutumia kama saa tano, na yale ya zamani yalikesha njiani usiku kucha. Safari hii ni njema, walakini wengi wa kwetu huipoteza kabla haijaanza. Wamezoea basi, ambalo utingo wake hulizuia kwa ajili ya abiria mmoja anayekuja mbio. Garimoshi haliko hivyo. Mgonjwa aliyeandikiwa siku ya kuonana na daktari, au kijana anayeripoti chuoni, akichelewa dakika tano huona mkia wake tu, na nauli aliyolipa haimfai kitu.

Basi ahesabu njia yake yote. Toka Malindi hadi Mombasa ni kama maili 75, na msongamano wa magari Mtwapa unajulikana. Tena stesheni haiko kisiwani, bali Miritini, njia ya bara. Na akifika hapandi mara moja: mizigo hupangwa chini, wenyewe husimama kando, na mbwa wa polisi huinusa. (Mwenye nguo za kusalia na azitie ndani kabisa ya mfuko.) Kisu na panga havipiti, hata kama ni vya shamba. Kitambulisho hapana budi. Kwa hayo yote, saa nzima kabla ya kuondoka si nyingi.

Lakini iko njia nyingine ambayo nashangaa haitumiwi zaidi. Mariakani imo katika Kaunti yetu ya Kilifi, na ina stesheni. Kutoka Mavueni ipo barabara ya lami ipitayo Kaloleni hadi huko, bila kuukaribia mji wa Mombasa. Garimoshi la haraka halisimami hapo. Lisimamalo ni lile la vituo vyote, liondokalo Mombasa asubuhi. Mtu wa Malindi yafaa alale kwa ndugu zake Kaloleni, ili alfajiri asiwe na haraka.

Ndani, tikiti huonyesha behewa na kiti. Usikalie cha mwenzio kwa sababu kiko dirishani. Katika daraja la chini abiria hutazamana magoti kwa magoti, hivyo salamu haikwepeki. Madirisha hayafunguliwi, wala hutanunua ndizi za wachuuzi wa Voi. Tsavo angalia nje: reli imeinuliwa juu, na chini yake zimeachwa njia za ndovu kupita.

Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, mbali na katikati ya mji. Akiba nauli ya kuingilia mjini, na mwezi wa Julai chukua sweta.