Orodha ya Zaka na Funguo Zisizorudishwa

Katika Viwanja Sitini, mtaa wa Ifakara ambao hata jina lake husomeka kama ukurasa wa daftari la ardhi, karatasi haina maisha marefu. Mafuriko ya Mto Lumemo hayachagui kabati. Kwa sababu hiyo twawaunga mkono wenye kuhamishia orodha za zaka na za mayatima katika hifadhi ya mtandaoni, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali na bonde la Kilombero. Lakini twauliza: funguo za hifadhi hiyo anazo nani?

Orodha ya wapokeao zaka ni sitara ya watu. Mjane aliyepewa debe la mpunga hapendi jirani ajue. Tuseme kijana aliyekuwa mwandishi wa kamati amekwenda Morogoro kusoma, na akaunti yake imebaki wazi. Hatumshuku hata kidogo. Ila simu yake ikipotea, mwenye kuiokota huenda akaokota na siri za mtaa mzima.

Mafundi huzisimamia akaunti hizi kwa amri za kuandika badala ya kubofya kurasa. Njia hiyo yafaa penye mtandao hafifu, kwani mistari michache ya maandishi hupita mahali ambapo ukurasa wenye picha hukwama. Katika huduma ya Amazon iitwayo AWS, amri “aws iam list-users” huleta majina ya watumiaji walioandikishwa, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alitumia nywila yake mara ya mwisho. Jina lililolala tangu Ramadhani iliyopita lina la kuulizwa.

Wengi huishia kufuta nywila, wakadhani mlango umefungwa. Sivyo. Mtumiaji mmoja aweza kuwa na funguo mbili za kutumiwa na programu, nazo huendelea kufanya kazi nywila ikishafutwa. Amri “aws iam list-access-keys --user-name”, ikifuatiwa na jina lake, huzifichua. Zisipofutwa, amri ya kumwondoa mtumiaji hukataliwa.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, ingawa kwa Muislamu aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, juu ya kurudisha amana kwa wenyewe, ilitangulia zamani. Kamati zianze na akaunti kuu: iandikishwe kwa barua pepe ya msikiti, si ya kijana aliyejitolea, na nywila yake ihifadhiwe kwa katibu na mweka hazina ndani ya bahasha iliyofungwa.