Rejista ya Usharika Ikikwama kwenye Kompyuta

Usharika unaotunza rejista na ahadi za washarika kwa programu ya SQLite ukumbuke kuwa kumbukumbu zote zimo katika faili moja. Kompyuta ikikataa kuandika kwa kuwa faili limeshikwa, huenda programu nyingine inalitumia, subirini imalize.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, huenda mkaona faili la pili lenye jina lilelile, likiishia na -journal au -wal. Msilifute! SQLite hulitumia kurekebisha kumbukumbu programu ikifunguliwa tena. Likifutwa, michango iliyokwisha kuandikwa yaweza kupotea.

Kabla ya kunakili kwenye flashi, fungeni programu. Kisha ikagueni nakala kwa amri PRAGMA integrity_check. Jibu likiwa ok, faili halijaharibika.