Simu ya Kuazima Inaficha Pengo

Barani Afrika, wanaume 43 katika kila 100 wanatumia intaneti. Wanawake ni 31. Hizo ni takwimu za mwaka 2024 za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU. Nami nasema pengo lenyewe ni kubwa kuliko hapo.

Kwa ITU, mtumiaji ni yeyote aliyeingia mtandaoni ndani ya miezi mitatu iliyopita, kwa kifaa chochote, hata cha kuazima. Mama aliyepewa simu ya mumewe dakika tano aone picha za mjukuu anahesabiwa sawa na kijana anayeshinda mtandaoni kutwa. Lakini kwenye simu ya mtu utaulizia wapi maradhi yako ya siri? Utasomaje sheria ya talaka, au kupatana bei na mnunuzi wa mpunga, mwenye simu asijue? Tena akitoka, anatoka na mtandao wake.

India inatufundisha. Mwaka 2016 kampuni ya Jio iliingia sokoni na bei ya bando ikaporomoka hadi kuwa miongoni mwa za chini kabisa duniani. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019–21 ulikuta asilimia 57 ya wanaume wamewahi kutumia intaneti, na wanawake 33 tu, ingawa asilimia 54 ya wanawake walikuwa na simu wanayoitumia wenyewe. Bando rahisi halimsaidii mwenye kitochi, wala binti ambaye nyumbani wanaona simu janja itamharibia sifa.

Kwetu Tanzania kuna jingine. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Asiye na namba hiyo hutumia laini ya mume au kaka, na katika kumbukumbu za kampuni ya simu anasomeka mwanamume.

Kwa hiyo tafiti za kaya ziulize simu ni ya nani na nani huishika usiku. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake ikiwa ya vikundi vya wanawake. Mwanamke anayeombea cherehani mkopo huo haulizwi kwa nini asiazime ya jirani. Anayeombea simu janja ya biashara yake asikilizwe vivyo hivyo.