SABABU GANI WANAVAA VILE?

Mama, tangu 2018 mpaka 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2.200, zaidi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wenye kujitolea wa Msalaba Mwekundu walisaidia kuzika. Watu wengi waliwaogopa.

Ujue hivi: damu na maji ya maiti yanaambukiza sana. Kwa hiyo wanafundishwa mbele ya kuanza kazi. Wanavaa gla, maski, miwani na nguo ya kufunika mwili muzima. Hatari kubwa iko wakati wa kuvua. Wanavua polepole, mwenzao anaangalia, wananawa mikono kila mara na maji ya klore.

Kama Ebola iko na mutu amefia nyumbani, usimuoshe, usimuguse. Ita timu. Uwaambie jamaa inataka kusali na kuona kaburi. Inawezekana.