Kasha la mashini ya michezo: kabla ya kulipia vioo na taa, angalia hewa inapita wapi

Papa mumoja anayechimba upande wa Banalia alishuka Kisangani na telefone mukononi. Picha moja tu ndiyo ilimuleta: kasha la kompyuta, kioo mbele, kioo kando, na ventilateri tatu zinazowaka nyekundu, buluu na kijani. Mutoto wake anasoma hapa Makiso, na anajenga mashini ya michezo kipande kwa kipande. Karti-mama iko. Prosesa iko. Karti ya picha ilifika kutoka Dubai ndani ya valize ya mutu. Inabakia kasha, ile wauzaji wanaita bwatie, na feza iliyobakia ni ya zahabu ya miezi mine.

«Mukubwa,» akaniuliza, «hii sanduku ya vioo ni ya kazi ao ni ya macho tu?»

Ni ulizo la mutu anayejua bei ya kitu. Kwa feza ileile mutoto anaweza kununua lile kasha la vioo peke yake, ao kasha la chuma la kawaida pamoja na onduleri ya kulinda mashini wakati umeme unakatika. Na hapa kwetu, ambapo muji wote unategemea ile baraji ya Tshopo na mashini zake tatu, ambazo mara mingi hazizunguke zote, kuchagua namna hiyo si muchezo.

Nilimujibu kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Shimo lenye mulango mumoja tu, ukienda mbali ndani, mushumaa unazimika. Lazima hewa iingie upande mumoja, ipite pale watu wanafanya kazi, halafu itoke upande mwingine. Kasha ni shimo la namna hiyo. Ndani yake wafanyakazi wakubwa ni wawili, prosesa na karti ya picha, na umeme wote wanaokula wanaurudisha kama joto. Karti ya kadiri, kama RTX 4060, inakula wati 115. Ile kubwa, RTX 4090, inafika wati 450: ni sawa na kufungia pasi ya nguo ndani ya sanduku na kuiacha nusu moto saa tano nzima.

Ku Ulaya hewa inayoingia ndani ya kasha ni baridi. Hapa inaingia tayari na digri 30 za muchana, na imejaa maji. Prosesa nyingi zikikaribia digri 100 zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Muchezo unaanza kukwama-kwama. Mwenye mashini anafikiri karti imekufa, anaiuza kwa bei ya aibu, na yule anayeinunua anaitia ndani ya kasha lenye matundu na inatembea vizuri kabisa. Nimeona jambo hilo zaidi ya mara moja.

Mimi mwenyewe nilianguka. Kasha langu la kwanza lilikuwa na kioo mbele, kimefungwa kabisa, na hewa ilipita ku kamwanya kadogo kando, upana wa kidole. Muuzaji alinihakikishia kwamba ventilateri zilikuwa nne. Ni kweli zilikuwa nne, lakini zilikuwa zinavuta kioo! Kila muchana mashini ilizimika. Siku moja nikatoa kioo cha kando ili ipumue, nikakisimamisha chini, juu ya karo. Kikapasuka vipande elfu, bila kuangushwa. Kioo kile kinapikwa ili kikuwe kigumu, na ku uso kinavumilia, lakini pembe yake ikigusa karo ya seramiki kinavunjika chote mara moja. Nikabaki na kasha lisilo na ubavu, na mende wakafurahi.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza: angalia uso wa kasha. Kama mbele ni wavu wa chuma na unaona mwangaza kupitia matundu, ni vizuri. Kama mbele ni ukuta, kioo ao plastiki, liache, hata likiwaka kama harusi. Ventilateri mbili za milimita 120 mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa. Kwa mashini ya kadiri hiyo inatosha. Ili kujua ventilateri inapuliza upande gani, angalia ile mikono ya plastiki inayoshika moteri: hewa inatokea upande huo. Watu wengi wanaifunga kinyume, halafu mbele na nyuma zinapigania hewa ileile.

Hewa inayoingia ikizidi kidogo ile inayotoka, kasha linasukuma hewa nje kupitia kila kamwanya, na vumbi haliingie kwa mulango wa nyuma. Lakini lazima pale inapoingia kuwe kichujio, mbele na chini pia, pale kisanduku cha umeme kinavuta. Kichujio kizuri kinatoka kwa mukono na kinasafishwa na maji. Kama hakiko, kata kipande cha chandarua kilichozeeka, funga ndani ya wavu. Hakizuie vumbi lote, lakini sisimizi na mijusi watatafuta nyumba ingine. Usicheke. Mujusi akikauka juu ya karti-mama, mashini inaweza kufa naye.

Kisha chukua metre. Karti-mama ya kawaida, ATX, ile Intel ilitoa mwaka 1995, iko na milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa linapokea ndogo. Dogo halipokee kubwa. Angalia pia urefu wa karti ya picha (ile 4090 ya Nvidia yenyewe ni milimita 304) na urefu wa radiateri inayosimama juu ya prosesa. Ile Hyper 212 ya Cooler Master, inayojulikana sana, inakaribia milimita 159, na kasha jembamba halifungike juu yake. Vipimo hivyo vinaandikwa ku karatasi ya kasha. Kama muuzaji hana karatasi, mwambie afungue, mupime pamoja. Akikataa, nenda.

Vijana wengine wanapita njia ya bei ndogo: wananunua mashini ya biro iliyotumikishwa, Dell ao HP, ile ya «okazion», halafu wanatia karti ya picha ndani. Ni akili, lakini fungua macho. Ndani ya mingi ya hizo, karti-mama na kisanduku cha umeme vimetengenezwa kwa umbo la kampuni yenyewe. Kikifa, cha kawaida hakiingie. Na zile nyembamba zinapokea tu karti fupi za kimo kidogo, zinazoishi na wati 75 za tundu lenyewe, kama GTX 1650 ya kimo kidogo. Kwa mupira na michezo ya zamani inatosha. Kwa michezo mipya yenye picha nzito, hapana. Kwa mutoto huyu njia hiyo ilikuwa imefungwa tayari, karti yake ni ndefu.

Sasa neno ambalo wauzaji hawasemi. Kasha la chuma, ukiligusa miguu wazi juu ya simenti, linakuuma kidogo kama sisimizi? Ni kwa sababu nyumba haina waya wa tatu, ule wa kijani na njano unaoshuka ku udongo. Kisanduku cha umeme kinaruhusu umeme kidogo ufike ku kasha, na pasipo waya huo unabaki pale, kama volti 110, na nguvu ndogo sana. Kuuma huko peke yake si hatari kubwa. Hatari ni siku kisanduku chenyewe kitaharibika ndani: volti 220 zote zitakuja ku kasha, na mutoto mudogo akilikumbatia hakuna kitu cha kumuokoa. Mwite fundi wa umeme apige chuma ndani ya udongo na avute waya. Udongo wetu wenye unyevu unafaa kwa kazi hiyo. Na usikate kale kajino ka tatu ka fishi ili iingie ku priza ya zamani.

Unyevu huohuo unakula chuma. Pitisha kidole ndani ya kasha, pale rangi inaishia: kama chuma kinakata kama wembe na kinapinda ukikibonyeza, ni chembamba sana, kitatetemeka na kitashika kutu. Kizuri kimepakwa zinki chini ya rangi. (Hapa nitoe pembeni kidogo: bati ya kuunganisha vipande inachimbwa Walikale, tantali ya vikondensa Masisi, zahabu iko ku meno ya karti, shaba ku radiateri, na zinki ya kasha nayo inachimbwa Kipushi. Kwa hiyo muchimbaji akiuliza kama anafaa kuzungumuzia kompyuta, mimi ninacheka.)

Inabakia safari. Kasha ni kubwa na jepesi, ku ndege linalipiwa nafasi kuliko uzito. Kwa boti kutoka Kinshasa ni kilometre zaidi ya 1700 za muto na mikono mingi ya kubeba. Kioo kinavumilia haba. Halafu ukilipokea bandarini bado kuna toleka mpaka nyumbani, na nani hajui barabara ya kwetu kisha mvua? Kama mutoto anataka kioo kwa lazima, kiwe cha kando, mbele ibaki wavu, na kioo kisafiri peke yake kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi.

Papa yule alisikia yote bila kunikata. Halafu akampigia mutoto simu mbele yangu. «Papa, taa je?» mutoto akauliza. Baba akaniangalia. Nikasema taa zinanunuliwa siku yoyote, kamba moja inabandikwa ndani kwa bei ya chakula cha muchana. Mutoto akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule wavu wa mbele unatoka kwa kuosha.

Walinunua kasha jeusi la chuma, wavu mbele, bila kioo hata kimoja. Onduleri ilifuata kesho yake. Wakati wa kufunga vipande, radiateri iliingia ikabakiza upana wa sarafu mbili, na ventilateri ya nyuma ilikuwa imefungwa kinyume. Baba ndiye aliyeona, kwa kuweka kipande cha karatasi mbele yake: kilivutwa ndani.