Rubani wa Kukodiwa: Asiporudi, Nani Atajibu?

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila juma. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikiliza.)



Juma lililopita nilikuwa Haydom, wilayani Mbulu, kumjulia hali ndugu yangu aliyelazwa katika hospitali ya Kilutheri. Wanaoijua njia ya kutoka Katesh kupitia Basotu watanielewa nikisema nilifika nikiwa na rangi moja tu, rangi ya vumbi. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1955, na kwa miaka mingi ndege ndogo za misheni zilitua pale zikileta madaktari na dawa na kuchukua wagonjwa. Watoto wa vijiji vya jirani wamekua wakikimbilia kiwanjani kila wasikiapo mlio wa injini.

Mmoja wa watoto hao ndiye sababu ya mazungumzo yangu ya leo.

Nilikaa kwenye benchi nikisubiri saa ya kuona wagonjwa. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja wa Hanang. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua na za ngano, na alipojua kuwa mimi ni mtu wa redio akasogea karibu. Mwanawe wa tatu, alisema, ni rubani. Waliuza ng'ombe, wakakodisha shamba, ndugu wakachanga, kijana akapelekwa Afrika Kusini kusoma. Alirudi na leseni, akakaa miaka miwili bila kazi. Sasa kampuni moja ya ng'ambo, ambayo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuiona ofisi yake, imemletea mkataba akarushe ndege katika nchi yenye vita. Mshahara wa mwezi mmoja ni ng'ombe wengi kuliko waliouzwa.

"Sasa nieleze," mzee akaniuliza. "Hii ni kazi ya dereva au ni kazi ya askari? Maana kama ni ya askari, ningejua namna ya kumuaga."

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Leo nitajaribu.

KWA NINI VIJANA HUENDA

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Rubani hapimwi kwa cheti tu, hupimwa kwa saa alizokaa angani. Kijana hupata leseni ya kibiashara akiwa na saa 200 hivi. Lakini mashirika ya ndege hutafuta mtu mwenye saa nyingi kuliko hizo, na leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Basi kijana anazunguka: hapati kazi kwa kuwa hana saa, na hapati saa kwa kuwa hana kazi.

Mahali ambapo saa hupatikana upesi ni pale ambapo wenye saa nyingi hawataki kwenda. Vita huharibu barabara na madaraja, na barabara ikifungwa kila kitu hupita angani: unga, dawa, wafanyakazi wa misaada, askari wa kulinda amani. Umoja wa Mataifa hauna kikosi chake cha ndege. Hukodi ndege pamoja na marubani wake kutoka makampuni binafsi. Ndivyo ilivyokuwa Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambako kuanzia mwaka 1989 ndege za kukodiwa zilipeleka chakula Sudan ya Kusini, nyingine zikidondosha magunia toka angani bila kutua. Ndivyo ilivyokuwa na ilivyo Kongo na Somalia.

Nako huko anatakiwa mtu wa aina ya kijana wetu. Kiwanja cha udongo, kifupi, kilicho juu sana kutoka usawa wa bahari, si kitu kigeni kwake. Haydom iko zaidi ya mita 1,500 juu. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likiwa kali inazidi kuwa nyepesi. Bawa halipati cha kuegemea, injini hupungukiwa nguvu, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Aliyejifunza kutua penye vumbi, punda na watoto, huku mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 ukiwa umejificha mawinguni, anayo elimu ambayo wengine wanaikosa.

Ila vita huongeza somo jingine. Kombora linalorushwa kutoka begani mwa mtu mmoja huweza kuifikia ndege iliyo kilomita tatu au hata zaidi juu. Kwa hiyo katika viwanja vya vitani rubani hashuki taratibu kutoka mbali kama tulivyozoea. Huja juu sana, kisha hushuka kwa kuzunguka juu ya kiwanja penyewe, na wakati wa kuondoka hupanda kwa namna hiyo hiyo.

DEREVA AU MAMLUKI?

Sasa swali la mzee. Sheria ya kimataifa inalo jibu. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inamtaja mamluki kuwa ni mgeni aliyeandikishwa mahsusi kupigana, anayeshiriki mapigano yenyewe, na anayesukumwa na tamaa ya malipo makubwa kupita ya askari wa kawaida. Masharti yote lazima yatimie kwa pamoja. Mamluki akikamatwa hana haki ya kuhesabiwa mateka wa vita. Mwaka huo huo wa 1977 nchi za OAU zilipitisha huko Libreville mkataba wao wa kufuta umamluki Afrika, mwaka mmoja tu baada ya mamluki kumi na watatu kushtakiwa mjini Luanda na wanne kati yao kupigwa risasi.

Kwa kipimo hicho, anayebeba unga si mamluki. Ni dereva. Lakini, ndugu wasikilizaji, bunduki iliyoko kilimani haisomi itifaki.

Tazama habari ya Ndola. Mwaka 1961 Katanga ilikodi marubani wa kigeni, na ndege yake moja ya kivita aina ya Fouga Magister iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa. Hao walikuwa mamluki bila ubishi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba mwaka huo ilianguka karibu na Ndola ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld. Ndege hiyo nayo ilikuwa ya kukodiwa, mali ya kampuni ya Transair ya Sweden, na marubani wake walikuwa waajiriwa wa kampuni. Watu wote 16 walipoteza maisha, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Kama ilidunguliwa au ilianguka yenyewe, ubishi haujaisha. Mtu aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuuchunguza upya, kuanzia mwaka 2015, ni Mtanzania mwenzetu, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Zaidi ya nusu karne imepita na bado swali linaulizwa.

Tazama na lililoanzia nyumbani kwetu. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50 iliondoka Dar es Salaam ikiwa na marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Tunayakumbuka yaliyofuata, na ni haki tuyakumbuke kwanza. Lakini ndani ya ndege ile walikuwamo pia Wafaransa watatu: rubani, msaidizi wake na fundi wa ndege. Walikuwa watu wa mkataba, walioajiriwa na kampuni. Uchunguzi wa mahakama ya Ufaransa ulifunguliwa mwaka 1998 kwa malalamiko ya familia za hao watatu. Mwaka 2018 majaji waliufunga bila kumfikisha yeyote kizimbani, na mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya huko ikaafiki. Ikiwa Ufaransa, nchi kubwa, imeshindwa kuzipa jibu familia za raia wake, mzee wa Hanang atamshtaki nani?

SHEHENA

Kuna hatari nyingine isiyotoka kilimani. Inatoka ndani ya ndege. Rubani hutia saini karatasi ya shehena, lakini si yeye aliyepigilia misumari kwenye makasha. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilionyesha ndege kubwa za Kirusi zikichukua minofu ya sangara Mwanza, na ikadai kuwa nyingine zilikuja na silaha. Serikali yetu ililaani filamu ile. Ninachoshika mimi ni hiki: anayeulizwa kwanza kuhusu kasha ni rubani, si mwenye mali.

Na wanaokufa ni hao hao. Machi 2005 ndege aina ya Ilyushin 76 iliyobeba minofu ya samaki ilianguka ziwani mara baada ya kuruka kutoka Mwanza, wakafa wote wanane. Machi 2009 nyingine ya aina hiyo, iliyokodiwa kwa ajili ya majeshi ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, ilianguka ziwani karibu na Entebbe, wakafa kumi na mmoja. Na tarehe 4 Mei 2020 ndege ya kampuni ya Kenya iliyopeleka vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa huko Bardale, Somalia. Walikufa sita. Ripoti ya kikosi cha Umoja wa Afrika ilisema waliofyatua ni askari wa Ethiopia, walioidhania kuwa inakuja kuwashambulia. Marubani wake walikuwa madereva, tena madereva wa dawa.

MASWALI YA KUULIZA

Siwezi kumwambia kijana asiende. Nani atampa saa zake? Lakini nilimwambia mzee yako mambo ya kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwanza, bima inalipa kifo cha vitani? Bima nyingi za kawaida huiondoa vita. Pili, ndege imeandikishwa nchi gani, na kitabu cha matengenezo kinaonekana? Tatu, kijana anaweza kukataa safari au shehena bila kufukuzwa? Nne, akiumia, nani anamtoa na kumpeleka hospitali gani? Tano, pasipoti yake inakaa mfukoni mwake au kwenye kabati la meneja? Sita, ugomvi ukitokea, mahakama ya nchi ipi itausikiliza? Kampuni isiyotaka kujibu maswali haya imekwisha kujibu.

Na kwa wenye dhamana serikalini nina neno moja. Msichana anayekwenda Oman kufanya kazi za ndani huambiwa mkataba wake upitie ubalozini. Tumejifunza hivyo kwa machozi. Je, rubani anayekwenda vitani, kwa kuwa ana leseni na anavaa tai, hana haja ya kuangaliwa?

Mzee aliniomba niyaandike maswali yale. Sikuwa na karatasi, nikayaandika nyuma ya kadi yake ya hospitali. Akaisoma polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia.

"Basi si askari," akasema. "Lakini nitamuaga kama askari."

Hadi juma lijalo, kwaherini.