Mazoezi ya vikundi: Wengi huanza, wachache hudumu

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KILA ifikapo tarehe 1 Januari, Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi ya Viungo Kitaifa. Vilabu vya mazoezi kutoka Unguja, Pemba na Tanzania Bara hukusanyika tangu asubuhi, wanachama wakiwa katika fulana za rangi moja, na kuelekea uwanjani kwa matembezi na mchakamchaka. Viongozi wa nchi nao hujumuika. Dk. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, alizoeleka katika hafla hizo.

Siku hiyo hapana anayehitaji kuhimizwa. Swali gumu huja baadaye: ni wangapi kati ya hao watakaokuwa bado wanafanya mazoezi pale mvua za masika zitakapoanza na fulana mpya imeshakunjwa kabatini?

Swali hilo linawahusu pia wakaazi wa mji wa Wete, kisiwani Pemba, katika mitaa kama Jadida. Hapo, kama ilivyo katika miji mingi midogo, kikundi cha mazoezi hakihitaji jumba la kisasa wala mashine za bei kubwa. Hutosha barabara, kiwanja kilicho wazi na watu waliokubaliana saa ya kukutana. Kilicho kigumu ni watu hao kuendelea kuonana.

Umuhimu wa jambo hili hauko kwenye umbo la mwili pekee. Utafiti wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionesha kuwa takriban mtu mzima mmoja katika kila watatu alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Pemba ina wakaazi 543,441, na kwa hiyo maradhi ya aina hiyo hayawezi kuhesabiwa kuwa ni ya jirani.

Presha aghalabu haina dalili. Mtu huweza kuishi nayo kwa miaka akidhani ni mzima, hadi siku anapopata kiharusi au moyo unaposhindwa kufanya kazi. Anayepooza akiwa na umri wa miaka 50 haumii peke yake. Mke huacha biashara yake ili kumhudumia, mtoto hukatiza masomo, na akiba ya familia huishia katika nauli na dawa.

Dawa ni za lazima kwa aliyekwisha kuandikiwa na daktari. Hata hivyo, kutembea, kupunguza chumvi na kupunguza uzito ni miongoni mwa mambo ambayo wataalamu wa afya duniani kote huyapendekeza kwa ajili ya kuzuia na kudhibiti presha na kisukari.

Kiasi kinachotakiwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mazoezi ya wastani ni yale yanayoongeza kasi ya pumzi lakini mtu bado anaweza kuzungumza, mfano kutembea kwa haraka. Anayefanya mazoezi mazito, kama vile kukimbia, anahitaji nusu ya muda huo. Aidha, siku mbili au zaidi katika wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli.

Hesabu hiyo si kubwa kama inavyosikika. Kikundi kinachokutana Jumamosi na Jumapili kwa saa moja moja kimeshampatia mwanachama dakika 120. Dakika 30 zilizobaki anaweza kuzipata kwa kwenda sokoni kwa miguu mara tatu, dakika kumi kila mara. Kuhusu misuli, kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta au kunyanyua madumu ya maji ni mazoezi kamili.

Pamoja na wepesi huo, takwimu za WHO zilizotolewa mwaka 2024 zilionesha kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Wengi wao hawakukosa habari kwamba mazoezi yana faida. Walichokosa ni kitu cha kuwashika pale ari ilipopoa.

Nguvu ya wenzako

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na sayansi imefika hapo hapo kwa njia yake. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Otto Köhler, aliwapima wanachama wa klabu ya wapiga makasia mjini Berlin kwa kuwataka wanyanyue chuma kizito hadi wachoke. Kwanza kila mmoja alinyanyua peke yake, kisha wakanyanyua wawili wawili chuma chenye uzito maradufu, ambacho mmoja akishindwa, mwenzake naye hana budi kuacha. Aligundua kuwa aliye dhaifu zaidi katika jozi hujikakamua kuliko anapokuwa peke yake, kwa kuwa hataki yeye awe sababu ya kumwangusha mwenziwe.

Köhler aliona jambo jingine ambalo viongozi wa vikundi hawana budi kulizingatia. Juhudi hiyo iliongezeka zaidi pale tofauti ya nguvu baina ya wawili hao ilipokuwa ya wastani. Ilipokuwa kubwa mno, faida ilipungua.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Uingereza. Mwaka 2015 watafiti Sarah Hanson na Andy Jones walichapisha mapitio ya tafiti 42 kuhusu vikundi vya kutembea, zilizowahusisha watu 1,843. Walikuta kuwa shinikizo la damu la juu lilishuka kwa wastani wa takriban nukta 3.7, na mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yalipungua. Aidha, wengi wa waliojiunga walidumu hadi mwisho.

Siri yake si ngumu kuielewa. Mtu anayekimbia peke yake akiamka amechoka hujadiliana na nafsi yake, na nafsi hushinda. Anayejua kuwa wenzake sita wanamsubiri barabarani hujadiliana na haya, na haya ina nguvu zaidi kuliko usingizi.

Sababu za kuondoka

Kama kikundi kina nguvu hizo, kwa nini watu huondoka? Sababu ya kwanza ni mwendo. Vijana hutangulia kwa kasi, na mama wa miaka 55 aliyekuja kwa ajili ya presha yake hubaki nyuma akihema. Wiki ya pili huja kwa shida, wiki ya tatu haji. Hii ndiyo ile tofauti kubwa mno aliyoiona Köhler. Dawa yake ni kugawa safu mbili, ya wakimbiaji na ya watembeaji, na kila safu kumweka mbele aliye mzito zaidi ili mwendo uwe wake.

Sababu ya pili ni mazingira kwa wanawake. Wapo wasiopenda kufanya mazoezi ya kuruka mbele ya wanaume au barabarani kweupe. Kikundi kinachotaka wadumu huwatengea saa yao na eneo lenye stara, na huwaacha wavae nguo za kujisitiri walizozizoea, zilizo nyepesi na zisizobana pumzi.

Sababu ya tatu, na pengine kubwa kuliko zote, ni aibu ya kurudi. Mtu hukosa siku moja kwa udhuru wa kweli, hukosa ya pili, kisha huona vibaya kujitokeza na kukutana na maneno ya mzaha. Hivyo kosa la wiki moja hugeuka kuwa la mwaka mzima.

Hapa ndipo utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, unapotoa faraja. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalirudia kila siku. Muda wa kati wa jambo hilo kuwa mazoea ulikadiriwa kuwa siku 66. Kwa wengine zilitosha siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa zingehitajika 254. Lililo muhimu ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Kwa maneno mengine, mwezi wa pili ndio wenye mtihani. Msisimko wa mwanzo umekwisha na mazoea hayajaota mizizi. Kikundi chenye busara humpigia simu aliyekosa mara mbili, si kwa kumlaumu bali kwa kumjulia hali, na akirudi humpokea kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Jikoni nako

Mazoezi peke yake hayatoshi. Nusu saa ya kutembea kwa haraka hutumia nguvu ambazo andazi moja kubwa lililokaangwa huweza kuzirudisha zote. Anayemaliza mbio na kuketi kwenye chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi matatu amerudi alikotoka, na huenda amepita.

WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula, kiasi cha gramu 50 au vijiko vidogo 12 kwa mtu mzima wa kawaida, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu vimeshameza vijiko tisa. Matunda na mboga ziwe angalau gramu 400 kwa siku.

Pemba haina uhaba wa chakula kizuri. Ina samaki wa kuchoma na wa kuchemsha, muhogo, majimbi, ndizi, kunde, mchicha, kisamvu na matembele, na kwa misimu yake maembe, machungwa na shokishoki. Kinachohitaji kuangaliwa ni namna ya kupika na kiasi. Mchuzi unaweza kupikwa kwa tui jepesi badala ya tui zito la kwanza. Samaki anaweza kupakwa ndimu na viungo ili chumvi ipungue. Na sahani inaweza kupakuliwa mboga kwanza, kisha wali. Halua na kaimati zibaki kuwa vitu vya sikukuu na wageni.

Kanuni ya kikundi inafanya kazi jikoni pia. Baba anayepikiwa chakula chake mbali huku nyumba nzima ikila chapati za mafuta hatadumu wiki mbili. Inapobadilika sufuria ya familia, hakuna anayejiona amenyimwa, na watoto huzoea mapema.

Kuukubali mwaka

Mwaka wa Pemba una misimu yake, na kikundi kisichoipangia huvunjika. Msimu wa karafuu ukiwadia, watu huingia mashambani. Hapana haja ya kuhesabu kuwa wamekosa mazoezi, kwani kupanda mikarafuu, kubeba magunia na kuanika ni kazi ya viungo. Kinachotakiwa ni kuweka mapema tarehe ya kukutana tena.

Mwezi wa Ramadhani nao hauzuii mazoezi, hubadilisha saa na uzito wake. Kutembea polepole karibu na magharibi, au baada ya tarawehe mtu akiwa ameshakunywa maji, kunatosha kuilinda ratiba. Wenye kisukari waonane na daktari kabla ya kufunga. Wakati wa masika, mazoezi ya kunyoosha viungo chini ya paa ni bora kuliko kusubiri jua.

Tahadhari ni lazima. Mwenye umri mkubwa, uzito mwingi au historia ya presha, kisukari au moyo apimwe kwanza katika kituo cha afya au hospitali ya Wete. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kinachojirudia kinahitaji kushughulikiwa na daktari. Kila zoezi lianze kwa kupasha mwili na limalizike kwa kupunguza mwendo. Anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kupita kiasi asimame na atafute msaada mara moja.

Kwa anayetaka kuanza, asisubiri Januari. Atafute watu watatu wa mtaani kwake wenye mwendo unaokaribiana na wake, wakubaliane siku mbili na saa moja isiyobadilika, na waandike namba za simu za kila mmoja. Na kama yumo mtu aliyewahi kuanza akaacha, huyo ndiye wa kupigiwa kwanza.